Mzazi, uliza kabla hujatia saini

Mazungumzo yetu ya redioni ya wiki iliyopita yalihusu watoto wanaotakiwa kufanyiwa operesheni, na kama ilivyo desturi ya safu hii yanachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuwa karibu na redio zao. Nimeyaongeza kidogo kwa sababu ya barua zilizofuata baada ya kipindi.

Barua moja imetoka kwa baba wa Mbagala. Mwanawe ana miezi saba na ana ngiri: uvimbe kwenye kinena unaotokeza mtoto anapolia na kurudi ndani akitulia. Daktari ameshauri apasuliwe. Mama mtoto amekubali. Bibi yake amekataa katakata, anasema mtoto mchanga hapelekwi kwenye kisu, asubiriwe akomae. Baba yuko katikati, na karatasi ya kutia saini iko mezani.

Nadhani nyumba nyingi zimepitia hali hiyo. Na mara nyingi uamuzi hufikiwa kwa kuangalia nani ana sauti kubwa zaidi katika ukoo, badala ya kuuliza ugonjwa wenyewe unasemaje. Tuuangalie basi ugonjwa unasemaje, tukianza na hiyo ngiri.

Ngiri ya kinena kwa mtoto haiponi yenyewe. Kuna tundu ambalo lilipaswa kuzibika kabla au mara baada ya kuzaliwa, halikuzibika, na utumbo unapita humo. Jambo ambalo bibi halijui, na si kosa lake, ni kwamba kadiri mtoto anavyokuwa mdogo ndivyo hatari ya utumbo kunaswa humo inavyokuwa kubwa. Ukinaswa, damu haifiki, na sehemu hiyo ya utumbo huanza kuoza katika muda wa saa, siyo wiki. Kwa hiyo kumsubiri mtoto akomae ni kumwacha apite katika kipindi kile kile chenye hatari kubwa zaidi. Operesheni ya mapema, iliyopangwa, mtoto akiwa mzima na ananyonya, ni fupi, na mara nyingi mtoto hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Operesheni ya dharura, usiku wa manane, mtoto akitapika na uvimbe umekuwa mgumu kama jiwe, ni jambo jingine kabisa. Ukiona uvimbe umegoma kurudi na mtoto analia bila kunyamaza, usiukandamize kwa nguvu na usingoje asubuhi.

Lakini bibi naye asidharauliwe, maana liko jambo ambalo yuko sahihi. Si kila uvimbe ni wa kukimbilia kisu. Kitovu kilichotokeza, ambacho ni kawaida sana kwa watoto wetu, mara nyingi hujifunga chenyewe kabla mtoto hajafika umri wa miaka minne au mitano. Kumfunga sarafu juu ya kitovu hakusaidii kitu, na huweza kumchubua ngozi. Hali kadhalika busha la mtoto mchanga, yaani maji yaliyozunguka korodani, mara nyingi hukauka lenyewe katika mwaka wa kwanza au wa pili. Hapo daktari mwenye ujuzi atakwambia nenda nyumbani, urudi baada ya miezi kadhaa. Mzazi asimwone daktari huyo kuwa mvivu.

Korodani isiyoshuka ni kisa cha tatu. Mvulana anapozaliwa, korodani zote mbili zinatakiwa ziwe kwenye mfuko wake. Ikiwa moja haipo, hungojewa miezi sita ya mwanzo, kwani nyingine hushuka zenyewe. Baada ya hapo haifai kungoja tena. Ushauri wa wataalamu siku hizi ni kwamba operesheni ifanyike kati ya miezi sita na miezi kumi na minane. Korodani iliyobaki tumboni kwa miaka mingi hupoteza uwezo wa kuzalisha, na huko ukubwani hatari ya saratani huongezeka. Wavulana wengi hapa kwetu hugundulika wakiwa shuleni, wengine wakiwa watu wazima wanaotafuta mtoto bila mafanikio. Kumkagua mtoto wakati wa kumwogesha hakuhitaji fedha wala usafiri.

Na hapo hapo kwenye kumwogesha, kuna jambo moja ambalo ningependa kila baba alisikie kabla ya kumpeleka mwanawe tohara. Tazama mkojo unatokea wapi. Wapo watoto ambao njia ya mkojo haikutokeza kwenye ncha, imetokeza upande wa chini. Mtoto wa namna hiyo asitahiriwe kwanza. Daktari wa upasuaji huitumia ile ngozi ya govi kumtengenezea njia mpya, na ngozi hiyo ikishakatwa na kutupwa hairudi. Nimewahi kuongea na daktari mmoja aliyeniambia kwamba jambo hili humsikitisha kuliko mengi mengine kazini kwake, kwa sababu familia huja na furaha ya sherehe iliyopita, naye analazimika kuwaeleza kilichopotea.

Sasa tuingie kwenye chumba chenyewe cha upasuaji.

Mwili wa mtoto si mwili wa mtu mzima uliopunguzwa. Mtoto ana damu kiasi cha mililita 80 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo kumi, basi, ana damu isiyofika lita moja, yaani pungufu ya chupa ile ya maji tunayonunua kituo cha basi. Mchanga wa kilo tatu damu yake yote ingeenea katika glasi moja. Damu ambayo mtu mzima angeipoteza na akainuka kwenda zake, kwa mtoto huyu ni robo au nusu ya yote aliyo nayo. Ndiyo maana daktari hupima kundi la damu hata kwa operesheni inayoonekana ndogo, na ndiyo maana mjomba anapoombwa kuchangia damu asianze kuuliza kama mtoto hali yake ni mbaya. Aidha, mtoto hupoteza joto haraka sana, ndipo utaona anafunikwa kichwa na kuzungushiwa nguo za joto wakati nje watu wanatokwa na jasho. Na dawa zake zote hupimwa kwa kilo. Muuguzi akitaka kumpima uzito tena asubuhi ya operesheni, ingawa alipimwa kliniki mwezi uliopita, usione anakusumbua.

Linalowatisha wazazi kuliko kisu ni dawa ya usingizi. Lugha yetu yenyewe imeliweka wazi: tumeiita nusukaputi, na hiyo kaputi ni neno la Kijerumani la kitu kilichoharibika. Jina kama hilo halimtulizi mtu. Lakini tukumbuke hali ilivyokuwa kabla yake. Onyesho la hadharani la mvuke wa etha huko Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846, ndilo lililofungua njia ya watu kupasuliwa bila kuhisi. Kabla ya hapo mgonjwa alishikwa na wanaume wenye nguvu, na sifa ya daktari ilikuwa ni wepesi wa mkono wake. Ajabu ni kwamba watoto wachanga walichelewa kufaidi. Hadi miaka ya 1980, hata katika nchi tajiri, walikuwako madaktari walioamini kuwa mtoto aliyezaliwa juzi hahisi maumivu kama sisi, hivyo wakampa dawa ya kumlegeza tu na kidogo sana ya kumwondolea maumivu. Mwaka 1987 Dakta Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford, Uingereza, walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa watoto njiti waliopewa dawa kali ya maumivu wakati wa upasuaji walipata matatizo machache kuliko wale ambao hawakupewa. Akina mama hawakuhitaji utafiti kulijua hilo, lakini ulisaidia.

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: je, nusukaputi inaharibu akili ya mtoto? Jibu lipo, na kwa bahati limepatikana kwa watoto wenye ngiri kama yule wa Mbagala. Watoto wachanga zaidi ya 700 katika nchi saba waligawanywa makundi mawili, wote wakifanyiwa operesheni ya ngiri. Kundi moja lililazwa usingizi kamili, jingine lilipigwa ganzi tu wakiwa macho. Walipofikisha miaka mitano wakapimwa akili. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 hayakuonyesha tofauti baina ya makundi hayo. Usingizi huo ulikuwa wa muda usiozidi saa moja hivi kwa wengi wao. Kwa operesheni ndefu, au zinazorudiwa rudiwa, tahadhari bado ipo: mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu usingizi unaozidi saa tatu, au wa mara nyingi, kwa watoto wa chini ya miaka mitatu. Hivyo mzazi ana haki ya kuuliza: itachukua muda gani, na je, inaweza kungoja bila madhara? Kwa mtoto ambaye haiwezi kungoja, hakuna cha kujadili.

Dawa inayotumika sana katika hospitali zetu za wilaya ni ketamini, ambayo imekuwapo tangu miaka ya 1960 na ikaruhusiwa Marekani mwaka 1970. Ni dawa nzuri kwa mahali penye vifaa vichache, kwa sababu mtoto huendelea kupumua mwenyewe. Lakini ina tabia zake. Macho ya mtoto huweza kubaki wazi yakichezacheza, na anapozinduka huweza kupiga kelele au kuona mambo yasiyokuwapo. Wapo wazazi waliotoka mbio kutangaza kwamba mtoto amepatwa na mashetani. Hajapatwa na kitu. Awekwe mahali patulivu, asitikiswe wala kuitwa itwa jina kwa sauti kubwa, na baada ya muda hutulia.

Ugomvi mkubwa kati ya wazazi na wauguzi, hata hivyo, haupo kwenye dawa. Upo kwenye chakula.

Mtu akilazwa usingizi, koo nalo hulala. Kilichomo tumboni kikipanda juu hakuna kikohozi cha kukizuia, kinateremka mapafuni pamoja na asidi yake, na mtoto anaweza kufa akiwa mezani kwa kupaliwa, operesheni yenyewe haijaanza. Ndiyo sababu ya kufunga kula. Utaratibu uliozoeleka ni saa sita kwa chakula na maziwa ya kopo au ya ng'ombe, saa nne kwa maziwa ya mama, na saa mbili kwa maji matupu. Uji ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Kipande cha mandazi alichopewa na shangazi kwa huruma ni chakula, tena ndicho kibaya kuliko vyote kwa sababu hakuna anayekitaja. Ikitokea mtoto amekula, sema. Operesheni itaahirishwa, mtasikitika, na mtoto atakuwa hai.

Hapo nina neno kwa upande wa pili pia. Kuna wodi ambako watoto wote huambiwa wasile wala kunywa chochote tangu saa nne usiku, halafu yule wa mwisho kwenye orodha anaingia saa nane mchana. Saa kumi na sita! Hakuna mwongozo wa kitaalamu unaodai jambo hilo, na wala si lazima kwa usalama. Maji matupu hutoka tumboni haraka, na siku hizi wataalamu wa Ulaya wameruhusu hata saa moja tu kabla ya usingizi. Mtoto mdogo akikaa muda mrefu bila kitu sukari ya mwili hushuka. Kwa mtoto mwenye selimundu hatari ni kubwa zaidi, maana ukavu wa mwili na baridi ndivyo vinavyoamsha ugonjwa wake. Muulize muuguzi kwa adabu: mwanangu ni wa ngapi, na maji anaruhusiwa hadi saa ngapi? Wakati mwingine swali hilo pekee hutosha kumpandisha mtoto mdogo juu ya orodha, mahali ambapo alistahili kuwa tangu mwanzo.

Kuna mambo mengine ambayo wazazi huyaficha, si kwa ubaya bali kwa kuogopa tarehe isisogezwe. Mafua na kikohozi cha wiki hiyo ndicho kinachoongoza. Mtoto mwenye mafua koo lake hujibana kwa urahisi akiwa usingizini, na daktari wa usingizi mara nyingi hupenda kungoja wiki mbili hadi nne ikiwa ugonjwa wenyewe unaruhusu. Sema pia kama ana pumu au selimundu, kama alivuja damu kupita kiasi alipotahiriwa au alipong'oka jino, kama yupo ndugu wa damu aliyepatwa na matatizo makubwa kwenye usingizi, na kama ana jino linalocheza. Jino likidondoka wakati wa kuingiza mpira wa hewa linaweza kuishia mapafuni. Na dawa za miti shamba zitajwe kwa majina. Daktari hatakucheka, na akikucheka bado amekwisha kusikia.

Ziko hali ambazo hazina tarehe ya kupangwa. Mtoto mchanga anayetapika matapishi ya kijani ni dharura, hata kama anaonekana mchangamfu, kwa sababu ile kijani ni nyongo na maana yake mara nyingi njia ya utumbo imeziba. Mchanga ambaye saa 24 zimepita hajapata choo aangaliwe; wengine huzaliwa bila tundu la haja kubwa, na katika shamrashamra za uzazi hakuna aliyemgeuza kumtazama. Kuna na ugonjwa wa utumbo kujiingiza ndani ya utumbo, kama mkono wa shati unavyojikunja ndani, ambao hupenda watoto wa kati ya miezi mitano na tisa. Mtoto aliyekuwa mzima ghafla hulia kwa uchungu akikunja magoti, kisha hutulia na kupauka, kisha hulia tena. Baadaye hutapika, na choo chake hutoka na damu iliyochanganyika na makamasi. Wengi hutibiwa kuhara damu kwa siku mbili tatu, dawa ikinunuliwa dukani, na wanapofika hospitali utumbo umekwisha kufa. Mvulana mkubwa anayeshikwa ghafla na maumivu makali ya korodani naye ana saa sita hivi za kuiokoa. Aibu yake ya kumwambia mama ndiyo humpotezea muda. Na mtoto aliyemeza betri ndogo ya saa au ya kidude cha kuchezea apelekwe mara moja, kwani huweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili.

Hizo ndizo operesheni zinazocheleweshwa. Sasa tuzungumzie ile inayofanywa haraka mno, bila saini, bila usingizi, na bila sababu yoyote. Nazungumzia kukata kimeo.

Mji wowote wa Tanzania utampata mkata vimeo. Mtoto anakohoa wiki mbili, jirani anasema kimeo kimerefuka, na mtoto anapelekwa kwenye nyumba ambako anakamatwa mikono na miguu, anatiwa kifaa mdomoni na kipande cha nyama kinakatwa. Mkataji hufunga kipande kile kwenye karatasi akamwonyesha mama kama ushahidi. Ushahidi wa nini? Kimeo kila mtu anacho, mimi na wewe msomaji tunacho, na kazi yake mojawapo ni kusaidia kuzuia chakula kisipande puani. Kikohozi cha mtoto hutokana na mafua, nimonia, pumu, kifua kikuu, au karanga iliyopita njia ya hewa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoponywa kwa kukata nyama ya kooni. Kinachotokea ni kwamba mafua yangekwisha yenyewe, yakaisha, na mkataji akapata sifa. Au ilikuwa nimonia, mtoto akazidiwa, na watu wakasema alicheleweshwa kukatwa. Wapo wanaovuja damu hadi kufa, wapo wanaopata pepopunda au usaha shingoni.

Ndugu yake kimeo ni yale yanayoitwa meno ya plastiki. Mtoto mchanga ana homa na anaharisha, mtu anamfunua fizi, anaona vivimbe vyeupe, anasema ni meno ya plastiki yatamuua. Yanachokonolewa kwa kitu chenye ncha. Yale si plastiki, jamani. Ni machipukizi ya meno ya chonge ambayo bado hayajaota, na mtoto huyo akifika umri wa shule atakuwa na pengo au meno yaliyopinda. Uvumi huu ulianza kusikika nchini katika miaka ya 1980 na umekuwa mgumu kuliko dawa zote. Inashangaza kwamba mzazi yule yule anayekataa operesheni ya ngiri kwa kuogopa kisu hukubali mwanawe akatwe koo sebuleni kwa mtu. Sababu mojawapo, kwa maoni yangu, ni kwamba mkata kimeo huketi na mama, humsikiliza, humwonyesha kwa kidole. Kuna madaktari wangapi wanaofanya hivyo?

Niseme kidogo pia juu ya watoto wanaozaliwa na ulemavu unaotibika. Mdomo sungura hutengenezwa, na kanuni iliyozoeleka ni mtoto afike wiki kumi, uzito wa kilo nne na nusu, na wingi wa damu wa gramu kumi. Kinachowakwamisha wengi ni uzito, kwa kuwa hawawezi kunyonya vizuri. Maziwa ya mama yakamuliwe na mtoto anyweshwe kwa kikombe au kijiko. Mguu kifundo mara nyingi hauhitaji operesheni kubwa: njia ya Dakta Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Iowa, Marekani, hunyoosha mguu kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, kisha mshipa wa kisigino hukatwa kidogo kwa sindano ya ganzi. Kazi inabaki kwa mzazi, kwani viatu maalumu huvaliwa usiku hadi umri wa miaka minne hivi, na anayeviacha mapema mguu wake hurudi kupinda. Kwa kichwa kikubwa, ukiona kichwa cha mtoto kinakua upesi na macho yanaelekea chini, usihesabu miezi. Wenzetu wa Mbale, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 2000 walijipatia sifa duniani kwa kutibu wengi wa watoto hao kwa kutoboa njia ya maji ndani ya ubongo, bila kuwawekea mpira wa kudumu. Lakini ubongo uliokwisha kubanwa kwa muda mrefu haunyooshwi na njia yoyote.

Kwenye gharama, sera yetu inamsamehe mtoto wa chini ya miaka mitano katika hospitali za serikali. Msomaji atacheka, maana anajua habari ya kutumwa duka la dawa kununua glovu na nyuzi. Ninachoshauri ni kumwona ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kurudi nyumbani kukata tamaa. Yupo, ana ofisi, na wengi hawajui mlango wake.

Siku ya operesheni yenyewe, usistaajabu ukiulizwa jina la mtoto na upande unaopasuliwa mara tatu na watu watatu. Huo ni utaratibu wa Shirika la Afya Duniani uliotangazwa mwaka 2008, na nchi yetu ina sehemu yake ndani yake: kati ya hospitali nane duniani zilizoujaribu kwanza, mojawapo ilikuwa Ifakara. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009. Waliohesabiwa walikuwa wagonjwa wa miaka 16 na kuendelea, na vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Maswali tu, na karatasi moja. Hivyo mzazi ajibu kila mara, na ikiwa hakuna aliyeuliza, aseme mwenyewe: ni upande wa kushoto.

Na mtoto naye aambiwe. Kumdanganya kwamba mnakwenda kununua pipi, kisha akajikuta mikononi mwa watu waliovaa barakoa, ni kumfundisha asikuamini tena. Mwenye miaka mitatu au minne aambiwe siku moja au mbili kabla, kwa maneno machache: utalala, daktari atatengeneza tumbo, ukiamka patauma kidogo, na mama atakuwepo. Usiahidi kwamba hapatauma. Mkubwa zaidi anahitaji siku nyingi zaidi za kuuliza. Kitambaa au mdoli wake aende nao. Baada ya kurudi anaweza kukojoa kitandani tena au kuogopa giza kwa wiki kadhaa; asichapwe, hupita.

Nyumbani, dawa ya maumivu itolewe kwa saa kama ilivyoandikwa, isingojwe mpaka mtoto alie. Asipewe aspirini, wala dawa yenye kodeini ikiwa hajafika miaka 12, hata kama ndiyo iliyokusaidia wewe mwaka jana. Kidonda kibaki kikavu na kisipakwe majivu, mafuta wala dawa ya meno. Homa inayopanda, uvimbe mwekundu, usaha, matapishi yasiyokoma, au mtoto asiyekojoa tangu asubuhi, vyote ni safari ya kurudi hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki. Aliyetolewa mafindofindo aangaliwe kwa makini zaidi siku ya kwanza, na tena kati ya siku ya tano na ya kumi, wakati utando wa kidonda unapobanduka. Akiwa anameza meza mate usingizini mwangalie kwa tochi, huenda anameza damu.